Mlisema Ana Mimba, Kumbe Tumbo Limejaa Usaha. Nilikuwepo, na Nina Kosa Langu

Leo sina picha za gauni wala stori ya nani kaachwa na nani. Leo nina mzigo nilioubeba zaidi ya mwaka, na mwenyewe kanipa ruhusa niutue hapa. Sharti lake ni moja tu: jina lake nisiandike. Kwa hiyo nitamwita Bibie. Msinitumie majina inboksi, sitajibu.

Mnaonifahamu mnajua kazi yangu ni mekapu. Mabibi harusi, video za muziki, matangazo. Bibie alikuwa mteja wangu mkubwa kwa miaka mitatu. Halafu siku nyingine nilikuwa nashika na simu yake, najibu komenti kwa jina lake, maana meneja alikuwa ananiamini na lugha ya mashabiki naijua. Hilo la simu likumbukeni, nitalirudia.

Mambo yalianzia barabarani. Walikuwa wanarudi Dar kutoka shoo Morogoro, usiku mkubwa, gari likaacha njia kabla hawajafika Chalinze. Dereva alivunjika mkono. Bibie aligongwa upande wa kushoto, chini ya mbavu. Kilichowadanganya watu ni kwamba alitoka kwenye gari anatembea, anaongea, mpaka akaomba atafutiwe wigi lake. Baada ya saa chache presha ikaanza kushuka. Kumbe ndani anavuja damu.

Alifanyiwa operesheni ya haraka. Bandama lilikuwa limepasuka, wakalitoa. Na kongosho, ambalo mkia wake umelala jirani kabisa na bandama, nalo lilikuwa limechubuka kwenye huo mkia. Madaktari walishughulikia walichokikuta na wakamwokoa, hilo nataka lieleweke mapema. Siku ya tisa tukaruhusiwa kurudi nyumbani.

Siku ile nesi alitupa karatasi mbili. Zilikuwa za Kiingereza, zimejaa maneno ya kidaktari. Mama yake Bibie akanipa mimi: "Mwanangu, hizi tunza wewe, mimi macho yangu hayaoni vizuri." Nikasema sawa mama. Nikazikunja, nikazitia kwenye pochi yangu ya brashi. Sikuzisoma. Nilidhani ni risiti na makaratasi ya kliniki tu.

Wiki ya kwanza nyumbani ilienda vizuri. Bibie anatembea uani, anacheka, anakula ndizi za mama. Ilipofika kama siku ya 15 tangu operesheni, mambo yakaanza kubadilika, lakini polepole, yaani kwa namna ambayo ukitaka kujidanganya unaweza. Kwikwi isiyoisha. Vijiko vitatu vya wali anasema kashiba. Maumivu upande wa kushoto, yanapanda mpaka begani. Jioni mwili wa moto, asubuhi unapoa.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mama alisema malaria, tukampima, hana. Shangazi yake alisema jicho la watu, mtoto kapendwa sana. Meneja alisema uchovu na mawazo. Na mimi, msomi wa kupaka poda, nilisema: "Kidonda kinapona, lazima kiume." Tukawa tunampa panadol, homa inashuka, tunasema si mnaona.

Sasa kulikuwa na tangazo la mawigi. Mkataba ulisainiwa kabla ya ajali, na nusu ya hela ilishaliwa, nyingi ililipa bili ya hospitali. Wenye kampuni walikuwa waungwana, walisogeza tarehe mara moja. Mara ya pili meneja hakutaka kuwaomba. Siku ya 19 baada ya operesheni, Bibie alikaa kwenye kiti changu.

Nimepaka watu wengi jamani. Wenye chunusi, wenye hangova, waliolia usiku kucha. Sijawahi kupaka uso kama ule. Chumba kina kiyoyozi mpaka mimi nimevaa sweta, yeye anatoka jasho. Napaka fandesheni, inateleza. Nafuta, naweka poda, naanza upya. Nikagusa shavu lake, lilikuwa linachoma. Nikamuuliza, "Dada, tuahirishe?" Akasema, "Nipake tu mdogo wangu, tumalize." Nikampaka. Nikaongeza rangi ya mashavu ili aonekane ana damu.

Gauni lililoletwa lilikuwa la kubana. Mwili wake ulikuwa umepungua kila mahali, isipokuwa juu ya kitovu, chini ya mbavu, ambapo palikuwa pametokeza. Mpiga picha akajaribu kuficha kwa mkono na kwa wigi lenyewe, lakini kwenye video ukitazama vizuri unaona.

Na nyie mkatazama vizuri.

Video ilipanda saa mbili usiku. Hadi saa nne komenti zilikuwa zimejaa. "Tumbo hilo si la ugali." "Hongera mama kijacho." "Baba ni nani jamani, tusaidieni." Wengine wakaanza kuhesabu miezi toka alipoonekana na yule jamaa wa mpira. Nikampigia meneja nimwambie tufanyeje. Akacheka. "Usikanushe chochote. Acha waseme, hiyo kiki ya bure."

Simu ya Bibie ilikuwa mkononi mwangu. Yeye alikuwa amelala chumba cha pili, kajifunika blanketi mbili. Mimi, kwa jina lake, nikajibu komenti mojawapo kwa emoji ya macho na emoji ya mtoto mchanga.

Ndani ya saa moja jibu lile lilikuwa limepata likes kuliko video yenyewe. Wafuasi wapya wakawa wanamiminika. Na ukweli wangu wote ni huu: nilifurahi. Nilikaa kwenye kochi nikawa naangalia namba zinapanda, na ukutani nasikia mtu anapiga kwikwi.

Siku tatu baadaye, usiku, kitanda chake kikaanza kugonga ukuta. Nilidhani tetemeko. Alikuwa yeye anatetemeka, meno yanagongana, anashindwa kutamka jina langu. Umeme ulikuwa umekatika. Nikawa napapasa kwenye pochi yangu natafuta panadol, nikashika zile karatasi.

Nilizisoma kwa tochi ya simu, nimepiga magoti sakafuni. Ukurasa wa pili, chini, kulikuwa na orodha. Homa ya zaidi ya 38. Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua. Kutapika au kushindwa kula. Tumbo kujaa. Ukiona mojawapo rudi hospitali mara moja, usisubiri siku ya kliniki. Na chini yake mstari mmoja ulipigiwa kalamu mara mbili: mgonjwa huyu hana bandama, homa yoyote kwake ni dharura. Maana bandama ni sehemu ya jeshi la mwili. Ukitolewa, kuna vijidudu ambavyo kwa mwingine ni mafua na kichomi, kwako vinaweza kukuondoa ndani ya siku moja.

Yote yaliyoandikwa pale tulikuwa nayo. Karatasi ilikuwa kwenye pochi yangu siku zote 13, imekaa na brashi. Hata siku ya tangazo ilikuwa pale, nilikuwa natoa brashi moja moja pembeni yake.

Nikaita gari. Tulimbeba mimi na mama, kajifunga khanga, uso hauna hata poda. Dereva akatazama kwenye kioo, akamtambua. Kijana mdogo tu, kafurahi kweli. Akasema, "Dada, hongera sana, tumeona mtandaoni. Mungu akujaalie ujifungue salama." Mama akanigeukia gizani. Hakusema kitu. Mimi nikaangalia nje.

Hospitali waliona presha yake wakaacha kutuuliza maswali ya kadi. Dripu mikono miwili, antibayotiki, vipimo vya damu. Daktari wa zamu, dada mdogo tu mwenye miwani, akauliza: "Homa imeanza lini?" Nikasema siku saba. Akaandika. Akauliza tena bila kuinua kichwa, "Na mlikuwa mnasubiri nini?"

Sikumjibu. Mpaka leo nikiulizwa sina jibu zuri.

Ultrasaundi ya kawaida, ile ya kupaka jeli juu ya ngozi, haikuonyesha vizuri, maana tumbo lilikuwa limejaa hewa, na ultrasaundi na hewa havielewani. Wakampeleka CT scan. Asubuhi daktari bingwa akatuita, akachora kwenye karatasi. Nitawaeleza kama alivyotueleza, maana hapa ndipo mimi nilielewa.

Kongosho linatengeneza maji makali ya kusaga chakula. Likijeruhiwa au likikatwa, kwa ajali au kwa operesheni, linaweza kuvujisha hayo maji. Yakivuja hayana pa kwenda. Yanajikusanya kwenye nafasi iliyo nyuma ya mfuko wa chakula, yanakuwa dimbwi. Mwili unajaribu kulizungushia ukuta. Bakteria wakiingia, dimbwi linageuka usaha. La Bibie lilikuwa na upana wa sentimita 12. Lilikuwa linausukuma mfuko wa chakula kwa mbele, ndiyo maana vijiko vitatu vinamshibisha. Lilikuwa linasumbua ule msuli wa kupumulia juu yake, ndiyo maana ya kwikwi na maumivu ya bega. Na ndilo lililotokeza chini ya mbavu. Ile "mimba".

Mama akauliza, "Dokta, kwa hiyo walikosea kule kwenye operesheni?" Daktari akasema hapana, si lazima mtu awe amekosea. Kuvuja kwa kongosho baada ya kujeruhiwa au kukatwa ni tatizo linalojulikana, na linaweza kutokea hata mikononi mwa mpasuaji mzuri. Ndiyo sababu watu wanapewa zile karatasi.

Akasema dawa peke yake hazitoshi kwa dimbwi kubwa hivyo, usaha lazima utoke. Akatutajia njia tatu. Ya kwanza ni kufungua tumbo tena. Bibie alikuwa dhaifu, na mshono wenyewe haukuwa na mwezi. Ya pili ni kupitisha sindano kwenye ngozi na kuacha mpira unaotoa maji kwenye mfuko wa nje. Hiyo inasaidia watu wengi, ila kwake dimbwi lilikuwa limejificha: mbele kuna mfuko wa chakula, pembeni kuna utumbo, juu kuna mbavu na pafu. Na maji yakiwa ni ya kongosho, mtu anaweza kukaa na mpira huo wiki nyingi, na pengine ile njia kwenye ngozi ikagoma kuziba.

Ya tatu ndiyo sikuwahi kuisikia. Akasema: "Mmeshaishi nyumba za kupanga? Vyumba viwili vinapakana, ukuta mmoja. Dimbwi hili na mfuko wake wa chakula ni vyumba vya namna hiyo, kuta zimegusana. Badala ya kumtoboa kwa nje, tunapita mdomoni, tunafika kwenye mfuko wa chakula, tunatoboa kimlango kwenye ule ukuta wa katikati. Usaha unahamia chumba cha pili, na chumba cha pili kina choo."

Mama alicheka. Kicheko cha kwanza kwa wiki nzima, tena cha usaha.

Mtaalamu aliyemfahamu kwa kazi hiyo alikuwa Nairobi. Wakampa Bibie antibayotiki za mshipa kwa siku tatu mpaka presha ikatulia, halafu tukapanda ndege na nesi wa kutusindikiza. Hela ilipatikana kwa kuuza kiwanja chake cha Kigamboni, kiwanja alichonunua kwa hela yake ya kwanza ya maana. Bima hakuwa nayo. Mastaa wengi mnaowaona hawana, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Uwanja wa ndege mtu alitupiga picha. Bibie kwenye kiti cha magurudumu, kofia, miwani mikubwa. Kabla hatujatua Nairobi kichwa cha habari kilikuwa tayari: mimba imetoka, anakimbilia Uturuki kutengeneza tumbo. Nilimzimia simu.

Daktari wa Nairobi alikuwa mzee mpole, Kiswahili chake kinyoofu. Alitaka mgonjwa aelewe kila kitu kabla ya kusaini. Akasema kifaa chenyewe ni mpira mwembamba wenye kamera, ile endoskopi mnayoijua ya kuangalia vidonda vya tumbo, isipokuwa huu una ultrasaundi ndogo kwenye ncha. Kwa hiyo badala ya kuchungulia kutoka nje kupitia ngozi, mafuta na hewa, anakwenda kuchungulia akiwa ukutani kabisa. Kamera peke yake inaona upande wa huku tu wa ukuta. Ultrasaundi inaona kilicho upande wa pili, inaonyesha na mishipa ya damu inayopita katikati, ili sindano iikwepe. Kwa kawaida wanataka ukuta kati ya sehemu mbili usizidi kama sentimita moja. Dimbwi likiwa mbali na mfuko wa chakula au utumbo, njia hii haifai, unarudi kwenye zile nyingine.

Akasema si jambo la majaribio. Mwaka 1992 madaktari wa Hamburg, Ujerumani, waliandika jinsi walivyotoa maji ya kongosho kwa kuongozwa na ultrasaundi ya ndani, na tangu hapo vifaa vimeboreshwa sana. Bibie, sauti haitoki vizuri, akasema: "Kwa hiyo hiki kifaa ni mkubwa kwangu. Shikamoo yake." Ndiyo yeye huyo. Hata akiwa na usaha tumboni atatania.

Halafu akauliza kile wote tulichokuwa tunaogopa kuuliza. "Dokta, sasa si nitakuwa nameza usaha wangu mwenyewe?" Daktari akasema ndiyo, kwa namna fulani, na wala hutausikia. Unaingia kwenye mfuko wa chakula, unakutana na asidi, unashuka na utumbo, unatoka kama vingine vyote. Akamwambia na hatari bila kumficha: inaweza kutokea damu, ukuta unaweza kutoboka vibaya, kile kimpira cha kushikilia mlango kinaweza kuhama au kuziba, na wakati mwingine inabidi kurudia. Bibie akashika kalamu. Mkono ulitetemeka, lakini ilikuwa sahihi yake kabisa, ile ya kwenye fulana za mashabiki.

Wakamlaza kwa dawa ya usingizi, na mpira wa kupumulia kooni, ili usaha ukitoka kwa nguvu usikimbilie kwenye mapafu. Mimi na mama tukabaki kwenye benchi. Mama alikuwa anahesabu tasbihi. Mimi nilikuwa na simu mbili mkononi, yangu na ya Bibie, zote nimezizima.

Ndipo nilipomwambia. Sijui kwa nini pale. Nikasema, "Mama, ile komenti ya mtoto ni mimi niliandika." Akaendelea na tasbihi yake mpaka akafika mwisho. Akasema, "Nilijua. Mwanangu hajui kutumia ile alama ya macho." Kimya. Halafu, "Akitoka, utamwambia mwenyewe."

Haikufika hata saa moja. Daktari akatoka na glavu, akatueleza: sindano ilipita, wakavuta kidogo kwa ajili ya maabara, wakapitisha waya kwenye sindano, wakatanua tundu, wakaacha stenti mbili za plastiki. Alituonyesha mfano wake. Ni vimirija vidogo vilivyojikunja ncha zote mbili kama mkia wa nguruwe, ncha moja inabaki huku, nyingine kule, zisichomoke. Kuna na za chuma, pana zaidi, zenye umbo kama la bobini, zinafaa hasa usaha ukiwa mzito wenye vipande. La Bibie lilikuwa la majimaji. Kwenye chupa ya mashine ya kuvuta kulikuwa na zaidi ya nusu lita, rangi kama chai ya maziwa iliyolala.

Nilitazama ile chupa. Watu walikuwa wameipa baba, wameipa miezi, wengine walishaipendekezea na jina.

Siku ya pili asubuhi joto la mwili lilikuwa la kawaida. Siku hiyohiyo, kama saa tano, Bibie alisema maneno mawili: "Nina njaa." Mama akatoka nje ya wodi akalia huko korido. Walimpa uji mwepesi, akamaliza kikombe, akauliza kama upo mwingine. Maabara ikathibitisha ni maji ya kongosho yaliyoingiwa na bakteria, wakambadilishia antibayotiki kulingana na majibu. Siku ya sita tulitoka. Kabla ya kutoka alianzishiwa chanjo wanazotakiwa watu wasio na bandama, na nesi akatupa karatasi. Safari hii nilizisoma palepale, mstari kwa mstari, na neno nisilolijua nikauliza.

Baada ya wiki nne CT scan ilionyesha dimbwi limenywea, kuta zimeshikana. Wiki ya nane tukarudi Nairobi, stenti zikatolewa kwa endoskopi ya kawaida. Alichobaki nacho tumboni ni mshono wa ile operesheni ya kwanza. Njia ya tatu haikumwachia hata alama, imepita mdomoni ikaishia ndani. Ndiyo maana hakuna picha ya kuwathibitishia, na ndiyo maana wengine mpaka leo mnaamini Uturuki.

Nilimwambia kuhusu ile komenti tukiwa bado wodini. Nilidhani atanifukuza. Alinyamaza muda mrefu, anacheza na bomba la dripu. Akasema, "Mdogo wangu, kilichoniuma si komenti. Siku ile ulinigusa shavu, ukajua ni la moto, ukaongeza rangi." Nikasema, "Ulisema nikupake." Akasema, "Nilisema. Na wewe ulikuwa mzima, mimi nilikuwa mgonjwa."

Tulikaa miezi hatuongei vizuri. Meneja aliachana naye kwa mambo mengine. Mimi sijashika tena simu ya mteja yeyote, na sitashika. Ananiita kazini tena sasa hivi, si kila mara. Mara ya kwanza aliponiita alikaa kwenye kiti akasema, "Anza kwa kunigusa shavu." Nikaligusa. Lilikuwa la baridi, tukaendelea.

Yeye ndiye aliyetaka niandike. Alisema kuna mtu huko ana ndugu katoka operesheni ya tumbo, yoyote ile, kongosho, nyongo, ajali, na sasa hivi kajifunika blanketi mbili na watu wanasema kidonda kinapona. Kidonda kinachopona maumivu yake yanapungua. Yakipungua halafu yakarudi, homa ikaja jioni, chakula kikagoma, hiyo si ya panadol wala ya shangazi. Tafuteni ile karatasi mliyopewa. Iko kwenye pochi ya mtu. Kama ni ya Kiingereza na hamuelewi, rudini kwa nesi mkaulize, hata kama ni saa nane usiku. Si kila dimbwi litatolewa kwa njia aliyotolewa Bibie, hilo ni la daktari kuamua, lakini hawezi kuamua mgonjwa akiwa amelala nyumbani anapakwa poda.

Na mimi siku hizi nina swali kabla sijafungua brashi. Mteja akiniambia ametoka hospitali juzi, namuuliza kama ana homa. Wengine wananuna, wananiambia wewe ni mpakaji si daktari. Ni kweli. Ila mkono wangu ndio wa kwanza kugusa uso.

Komenti ziko wazi kama kawaida. Mwenye mgonjwa aandike, tutasaidiana mawazo. Mwenye jina abaki nalo.